Fomu za Kikundi Zikikataa Kushuka kwenye Tovuti

Vikundi vingine siku hizi vina tovuti iliyotengenezwa kwa WordPress, na fomu za mkopo zimewekwa humo ili wanachama wajichukulie. Kazi ya kuzitoa hufanywa na programu-jalizi, yaani programu ndogo iliyopachikwa ndani ya tovuti. Sasa mama amenunua bando, anabonyeza, anaona "404" tu. Na fomu zinarudishwa kesho! Tufanyeje?

Kwanza tusiing'oe hiyo programu-jalizi. Zingine zikifutwa huenda na orodha yote ya faili. Hiyo 404 maana yake seva imetafuta anwani ikaikosa. Mara nyingi faili yenyewe bado ipo. Basi katibu aingie "Settings", halafu "Permalinks", asibadilishe kitu, abonyeze tu "Save Changes". Hapo WordPress huandika upya kanuni za anwani zake. Inaonekana kama mchezo, lakini jaribuni.

Ikikataa bado, tuzime programu-jalizi zingine moja moja, tukijaribu kila mara. Ile ikizimwa faili inashuka, hiyo ndiyo mkorofi. Za kache tuzishuku mapema.

Na ikishuka lakini haifunguki? Angalieni ukubwa. Fomu ya KB 300 ikifika na KB 2, pengine hiyo si fomu, ni ukurasa wa kosa uliovaa jina lake.

Huku katibu akitengeneza, mwenye nakala aitume kwa WhatsApp ya kikundi, au zichapwe chache ziachwe kwa mweka hazina, kesho isimpite mtu.