Usimvue Mwenzako Jukwaani

Leo tuongee kuhusu vichekesho. Sio vile vya kwenye televisheni, bali vile mnavyoigiza wenyewe klabuni baada ya vipindi: maandishi hakuna, mna kisa tu, maneno kila mtu anayabuni papo hapo.

Wengi mnafikiri mwigizaji bora hapo ni yule anayechekesha kuliko wote. Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilipokuwa kidato cha tatu tuliigiza kisa cha kifua kikuu (TB) siku ya wazazi. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, mimi nesi. Akakohoa vizuri sana, watu wakatulia. Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo, nikasema, "Kumbe baba yako amekufundisha!" Uwanja ukaangua kicheko. Baba yake alikuwa na kikohozi kweli, na alikuwa amekaa benchi la pili. Jambo hilo mwenzangu alinieleza mimi tu, tukiwa mazoezini.

Alisimama kimya kidogo, kisha akashuka jukwaani. Kesho yake nilimwomba radhi, akasema yameisha. Klabuni hakurudi tena.

Je, nilichemsha wapi? Mtu anayekohoa wiki 2 au zaidi anatakiwa apimwe TB. Anayeona aibu huchelewa, na akiwa nayo kweli anaweza kuwaambukiza anaolala nao nyumba moja. Igizo letu lilikusudiwa kupunguza aibu hiyo. Mimi niliiongeza, tena kwa mtu mzima aliyekuja kumtazama mwanawe.

Mwaka 1982 na 1983, huko Malya, wilaya ya Kwimba mkoani Mwanza, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando Mlama, walitengeneza maigizo pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao, likiwemo la wasichana kupata mimba. Wakishaigiza, watu wanajadiliana. Njia hii inafaa kwa sababu mhusika ni kama shuka: unajifunika, ndipo unaweza kusema mambo ambayo ukiwa wewe mwenyewe usingeyasema. Nilipotaja baba wa mwenzangu nilimvuta shuka mbele za watu.

Sasa, kazi yenyewe jukwaani. Mwenzako akikuambia, "Shangazi, nimefika," basi wewe ni shangazi, hata kama una ndevu. Ukijibu, "Mimi sio shangazi yako!" watu watacheka mara moja tu, halafu yeye hana pa kwenda. Mpokee, kisha umwongezee: "Karibu mwanangu, mbona miguu ina vumbi hivyo, umetembea kutoka Katesh?" Sasa mna safari, mna uchovu, mna pa kuendelea. Huko Chicago, Marekani, kwenye jumba la vichekesho la The Second City lililofunguliwa mwaka 1959, jambo hilo hufundishwa kwa maneno mawili: "ndiyo, na..."

Hapa Mogitu kuna kosa jingine nimeliona. Mtu anaingiza Kiiraqw katikati ya igizo, nusu ya watazamaji wanacheka, lakini mwenzake ni Mbarabaig au Mnyaturu na hajaelewa kitu. Sisemi msitumie lugha ya nyumbani, inanoga sana. Ila jibu lako linalofuata liwe na maana ya ulichosema, ili naye apate pa kushika.

Lakini itakuwaje mwenzako akisema jambo la afya lisilo kweli? Klabu nyingi zinakwama hapa. Tuseme mgonjwa anasema: "Nesi, dawa za TB nimeziacha. Nimekunywa miezi 2, kikohozi kimekwisha, hata gunia nabeba."

Ukimkatalia, "Uongo huo, dawa ni miezi 6!" umesema kweli lakini igizo limegeuka kipindi cha baiolojia. Ukimkubalia, "Ndiyo, umepona kabisa," watu watacheka na kwenda nyumbani na uongo. Mpokee mhusika, usiupokee uongo wake: "Gunia nimeliona. Jirani yako naye alibeba gunia, akaacha dawa mwezi wa pili. Juzi tumembeba yeye, gunia tukaliacha! Hebu kaa hapa tuhesabu miezi iliyobaki." Mwenzako hajaaibika, watu wamecheka, na wamesikia kwamba nafuu huja mapema wakati vijidudu bado wamo. Dawa zikikatizwa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Mambo ya kuwahi mazoezini siyasemi, wachelewaji mnajijua.

ZOEZI

Kaeni watatu watatu. Kabla ya kuanza, kila mmoja ataje jambo moja ambalo hataki liguswe jukwaani: baba, mwili wake, ada, chochote. Hakuna kuuliza kwa nini, na hakuna kulipeleka nje ya chumba hicho. Halafu mmoja awe mgonjwa anayeficha kikohozi, wa pili rafiki yake, wa tatu nesi. Kila anayejibu aanze na "ndiyo, na..." kwa dakika 5. Mkimaliza badilishaneni nafasi, na mgonjwa wa kwanza awaambie wenzake ni wapi alijiona ameachwa peke yake.