Rotile na amortisere za mbele: kazi ya nyumbani na kazi ya garaji

Wandugu memba wa koperative, tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu na mbolea. Leo tuseme juu ya motokari, maana nyanya hazijipeleki soko. Ile Corolla ya zamani inayotoka Kamanyola na kupanda milima ya Ngomo mpaka Bukavu inabeba kupita kipimo chake, tena ndani ya mashimo. Vyombo vya mbele vinachoka mbele ya vingine.

Amortisere ikichoka, motokari inarukaruka na pine inalika vibaya. Rotile ya chini ni hatari zaidi: ikichomoka, pine inalala upande na volani haisikii tena. Basi tuanze nayo.

Kwanza legeza kidogo ekru za pine na ufunguo wa 21, motokari ingali chini. Vuta freni ya mkono, tega mawe kwenye pine za nyuma, pandisha na kriki, na palepale weka gogo nzito chini ya shasi. Usilale chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake, hata dakika moja. Shika pine juu na chini, tikisa, na mwenzako atazame rotile. Ao tia baramini chini ya pine, inua polepole. Rotile ikicheza, imekwisha. Kama yenyewe imetulia na pine bado inacheza, tazama ruloma.

Kwenye Corolla nyingi za zamani, rotile inafungwa ku mukono wa chini na bulo moja na ekru mbili. Motokari zingine, rotile na mukono ni kitu kimoja, unabadilisha vyote. Lala chini utazame mbele ya kununua. Na rotile ya okazio tuache kabisa. Wauzaji wanaisafisha na esanse mpaka inang'aa, lakini umri wake hakuna anayeujua.

Siku moja mbele, mwanga gazoli kwenye bulo zenye kutu. Toa gupiye na ekru ya juu, kisha piga nyundo ubavuni mwa chuma kinachoshika ncha ya rotile. Usipige meno yake. Mapigo mawili matatu mazito, itaachia. Kwa kufunga, tia gupiye mpya. Tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo tu. Usirudishe ekru nyuma.

Amortisere je? Kuitoa pamoja na resori yake inawezekana nyumbani: bulo mbili kubwa chini, ekru tatu ndogo juu, chini ya kapo. Usiruhusu durite ya freni ivutwe. Lakini ile ekru ya katikati, hapana! Resori imebanwa, ikiachiliwa inaruka na kuvunja uso wa mutu. Peleka yote kwa fundi mwenye chombo cha kubana resori. Badilisha kushoto na kuume pamoja.

Silanbloki mpya zikazwe mwisho wakati motokari imesimama ku pine zake. Ukikaza ikiwa juu, mpira unajipinda na kupasuka upesi.

Kisha tembea bila mzigo, kama kilometa 50, ukaze tena ekru za pine. Fundi apime paralelisme mbele ya kupakia nyanya, la sivyo pine mpya zitalika kabla ya mavuno mengine.