Pumba Tunazowapa Kuku



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni choo kigumu. Wengi wetu, hasa wazee, hukaa siku tatu au nne bila kwenda haja, kisha hukimbilia dukani kununua dawa. Kumbe mara nyingi dawa ilikuwa katika pumba, nasi tuliwapa kuku.

Kwanza tukiri kosa letu. Sisi tuliokuwa walimu tulisimama mbele ya wanachuo tukasifu sembe nyeupe na mkate mweupe kuwa chakula cha watu waliostaarabika. Dona tuliiita chakula cha shida. Wanachuo wale wakaenda kufundisha hivyo hivyo vijijini. Yatupasa kulisahihisha somo lile tungali hai.

Makapi ni nini? Ni sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha: ganda la nafaka, ngozi ya maharage, nyuzinyuzi za mboga na matunda. Makapi hushika maji, hulainisha choo na kukisukuma mbele. Mengine, kama ya kunde na maharage, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Kwa hiyo huwafaa wenye kisukari.

Jambo hili lilionekana kwetu Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt alikuwa mpasuaji nchini Uganda tangu 1946 hadi 1966. Alitambua kwamba maradhi ya utumbo yaliyowasumbua sana watu wa Uingereza yalikuwa haba kwa wanavijiji wa Afrika. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza kwamba chakula cha wanavijiji, chenye makapi mengi, kilipita tumboni upesi zaidi, na choo chao kilikuwa kingi na laini. Mwenzake, Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda na baadaye akawa kasisi wa Kianglikana, alishirikiana naye kuandika habari hizo. Wao walijifunza kwetu, wakati sisi tulikuwa tukiacha chakula chetu.

Tufanyeje?

1. Tule ugali wa dona. Mahindi yawe makavu, yasiyo na ukungu. Tusage kidogo kidogo, maana unga wa dona huharibika upesi.

2. Tule maharage, kunde au choroko kila siku. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa huleta zaidi ya gramu 10.

3. Tule tunda lenyewe badala ya maji yake yaliyochujwa. Mapera tuyale pamoja na maganda.

4. Tuongeze polepole, na tunywe maji ya kutosha. Anayeanza kwa pupa atajaa gesi, kisha atailaumu dona bure.

Tahadhari: mwenye kutoka damu chooni, au ambaye choo chake kimebadilika ghafula, aende hospitali. Asijitibu kwa ugali.

Maswali ya kujadili

1. Jana nyumbani kwetu tulikula makapi katika chakula gani?
2. Mgeni akija, kwa nini twaona haya kumpikia dona?
3. Tutawafundishaje wajukuu wetu tofauti na tulivyowafundisha wazazi wao?