Mama anasema msituni hakuna cha kutembelea

Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na mama na wadogo zangu watatu. Tulitoka Fizi, Kongo, nikiwa mgongoni. Nasoma diploma kwa njia ya mtandao, na mchana nikimaliza masomo najitolea na kikundi cha vijana kinachopanda miti na kuzoa taka kwenye mifereji ya kambi. Hatulipwi. Jumamosi wachache wetu tunatembea hadi kwenye vilima vya jirani kuangalia ndege. Mwenzetu mmoja ana darubini. Ndiye aliyenionyesha keremkerem kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo naandika kila ndege kwenye daftari: tarehe, mahali, alichokuwa akifanya. Darubini tunapokezana, ila mwenyewe ananiachia mimi muda mrefu zaidi kwa sababu mimi ndiye mwandishi.

Mama hataki kabisa. Anasema kazi ya bure ni ya watu walioshiba. Anauliza tunapanda miti ya nani, wakati kesi yetu ya kuhamishiwa nchi nyingine iko mezani na siku yoyote tunaweza kuitwa. Anasema msituni hakuna cha kutembelea. Majirani nao wanamwambia kwamba nafuata wavulana porini. Wiki iliyopita alichana kurasa za daftari langu akawashia mbabula. Shangazi, bora angenipiga.

Sasa mwenye darubini ana binamu Lilongwe, anataka tukatembelee kituo cha wanyamapori. Niende? Au niache yote, nitafute cha kuuza sokoni?

Mwanafunzi, Dzaleka

Binti yangu,

Usiache. Nimetanguliza jibu ili usome yanayofuata kwa utulivu, maana mengi yanamhusu mama yako, na nadhani kuna jambo alikuambia hukulisikia.

Mtoto wa mgongoni haoni njia, anaona shingo ya mama yake. Wewe msitu umeujua hapa wilayani Dowa, mchana kweupe, una wenzako na chupa ya maji. Watu wa Fizi waliokimbia vita vya 1996 na 1998 na vurugu zilizofuata waliujua kwa namna nyingine: kulala bila moto ili moshi usionekane, kumziba mtoto mdomo asilie, kusikia tawi likivunjika na kutojua ni nyani au ni mwenye bunduki. Sijui mama yako alipita wapi kabla ya kufika ziwani, na sikuambii umhoji. Ila anaposema msituni hakuna cha kutembelea, hawatukani ndege wako. Kila Jumamosi anamwona binti yake akirudi kwa miguu yake mahali ambapo yeye alimtoa.

Kuchana daftari kulikuwa kosa, na una haki ya kumwambia hivyo siku mkiwa mmetulia. Usimwambie mbele ya wadogo zako.

Jaribu hivi. Mvua zikianza, muulize juu ya uyoga. Ndiyo, uyoga. Mwanamke aliyelelewa Fizi anaujua msitu wa chakula kabla ya kuujua ule wa vita. Na miti ya asili ya nchi hii, ile ya miombo, ina uyoga wake unaoishi nayo mizizini, mti na uyoga wakilishana chini ya udongo. Ndiyo maana mti ukikatwa kwa mkaa, aina fulani za uyoga hutoweka nao. Wakati wa mvua utaona wanawake wa Kichewa wameupanga kando ya barabara. Nenda na mama mkanunue, mwache ashike, anuse, abishane bei. Atakuambia upi unafanana na wa kwao. Halafu, tafadhali, msiokote wenyewe kwa kufananisha. Uyoga wa Fizi na wa Dowa unaweza kufanana sura na usifanane sumu, kwa hiyo kanuni ni kula ule tu ambao mwenyeji wa hapa anakula. Siombi mama apone kwa sahani ya uyoga. Naomba mpate jambo moja la porini ambalo yeye ni mwalimu na wewe ni mwanafunzi.

Kuhusu kupanda miti katika nchi ya kupita, hapo mama ana hoja nzito. Dzaleka ilikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo mmo zaidi ya 50,000. Wapo walioambiwa "siku yoyote mtaitwa" mtoto wao akiwa darasa la kwanza, na mtoto huyo sasa ana mtoto. Ila hesabu yenyewe inapingana na mama: kama kungoja kunaweza kuchukua miaka 15, mti una muda wa kutosha kukua.

Lakini nina swali kwa kikundi chenu, na naliuliza kwa ukali kidogo. Miche mliyopanda mvua zilizopita, mingapi iko hai? Malawi ina msimu wake wa kitaifa wa kupanda miti, Desemba 15 hadi Aprili 15, na kila msimu picha zinapigwa, watu wameshika miche, wanatabasamu. Mvua inakatika Aprili. Kutoka hapo hadi Novemba ni jua, mbuzi, mchwa na watoto wanaotafuta fimbo. Kupanda kunakwisha siku moja. Kumwagilia ni miezi saba, na hakuna anayekuja kupiga picha. Pandeni michache mnayoweza kuinywesha, kila mti uwe na mtu wake kwa jina. Na mkipata nafasi kwenye shamba la jirani mwenyeji anayekubali, ulizeni juu ya msangu. Mti huu hupukutisha majani mvua inapoanza, mahindi yakapata jua, na majani yake hurutubisha udongo. Wakulima wa Malawi wanaujua tangu zamani. Huo mwenyeji hataukata ninyi mkiondoka.

Na nyumbani kwa mama panda mipapai. Usipande mmoja, panda minne karibu karibu, kwa sababu mingine itakuwa dume na haitazaa. Ikichanua utaitambua; bakiza dume mmoja wa kuchavusha, mingine ya dume uing'oe. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha. Mpapai huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi, na papai lililoiva mlangoni litamshawishi mama kuliko mimi.

Sasa kazi ya bure. Mama hajakosea sana, na mimi nasema hivi nikijua nitaudhi watu wenye nia njema. Wapo vijana wanaotoka Ulaya na Marekani wanaolipa pesa nyingi kuja kujitolea na wanyama Afrika, wakarudi kwao na cheti na picha. Kijana wa kambini anajitolea mwaka mzima, na siku mradi ukipata fedha anaajiriwa mtu mwingine. Mgao wa chakula umepunguzwa, mama anahesabu vikombe vya unga, halafu binti anatoka na jembe kwenda kuchoka bure. Ningekuwa yeye ningenung'unika pia.

Kwa hiyo weka mpaka. Chagua mchana mmoja au miwili kwa wiki, siyo yote, na mama aijue mapema. Mkiitwa na shirika lolote kufanya kazi yake, ombeni chakula cha mchana na nauli bila aibu, na mwisho ombeni barua iliyoandikwa vizuri: ulifanya nini, kuanzia lini, kwa saa ngapi, imesainiwa na mtu mwenye cheo. Wewe ni mwanafunzi wa diploma. Barua hiyo utaiambatanisha na maombi ya masomo popote utakapokuwa. Kama kuna kazi ya kuuza sokoni inayoweza kufanyika siku zilizobaki, ifanye. Kuuza nyanya na kutazama ndege havigombani.

Daftari nalo lina thamani kuliko unavyodhani. Umeandika tarehe, mahali na tabia, na hivyo ndivyo watafiti wanavyotaka. Ukiwa kwenye intaneti ya masomo, ingiza kumbukumbu zako kwenye eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, au piga picha za mimea na wadudu uziweke kwenye iNaturalist. Huko hawaulizi hadhi yako wala nambari ya kadi ya mgao. Wanauliza ulimwona wapi, lini, wangapi. Na kurasa zako hazitawasha mbabula tena, kwa kuwa nakala itakuwa mbali na jiko.

Majirani. Maneno yao hayataisha, ila unaweza kuyapunguzia chakula. Nendeni watu wanne au zaidi, wasichana wasipungue wawili, mtu mzima mmoja ajue njia mnayopita na saa mnayorudi. Mkiona kichaka kikubwa cha miti ya zamani katikati ya mashamba yaliyo wazi, simameni kwanza. Mara nyingi hayo ni makaburi ya kijiji. Wachewa hawakati miti pale, na ndiyo maana ndege ni wengi. Pengine ni karibu na mahali wanapojiandalia wachezaji wa ngoma ya Gule Wamkulu, na asiyealikwa haingii. Muulizeni mkuu wa kijiji kabla hamjainua darubini upande huo. Mgeni akionekana anachungulia makaburi, hata Mchewa mpole atakasirika.

Na tukiwa bado kwenye maneno ya majirani: katika barua fupi umemtaja mwenye darubini mara tatu, wengine wote wa kikundi hawana hata sifa moja. Sikuulizi. Ila mama yako pia anajua kuhesabu, kwa hiyo mlete nyumbani asalimie, anywe chai, ajulikane ni mtoto wa nani. Kijana anayejulikana na mama haitwi "wavulana wa porini".

Imebaki safari ya Lilongwe. Msiende bila kibali, hata mkiambiwa kila mtu anapita. Mwezi Mei 2023 polisi waliwakamata wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, wengine wakalala rumande wakiwa na watoto, kabla ya kurudishwa kambini. Binti akikamatwa njiani kwa sababu ya kwenda kutazama ndege, mama hatakuachia tena mlango maisha yako yote, na atakuwa na haki. Ombeni kibali kama kikundi, mwalimu wenu aandike barua inayosema ni ziara ya masomo, na ombeni mapema.

Mkikipata, inafaa. Kituo cha Lilongwe Wildlife Centre kiko katikati ya mji, kando ya mto Lingadzi, kati ya Old Town na ofisi za serikali za Capital Hill. Kinapokea wanyama waliookolewa kwenye mitego ya waya na biashara haramu. Kiliwahi kumpokea hata simba jike mwenye jicho moja kutoka bustani ya wanyama ya Romania, aliyeitwa Bella. Hati zake za kuingia Malawi zilikamilika haraka kuliko za majirani zako wengi. Utatembea chini ya miti mikubwa huku ukisikia honi za magari. Usikaribie maji, Lingadzi ina mamba. Na mji huo una fisi madoa wanaozunguka usiku kutafuta mabaki kwenye taka, kwa hiyo mambo ya kulala kwa binamu na kutembea jioni yafuteni.

Pigeni simu kwanza kuuliza kiingilio, mkitaja kwamba ni wanafunzi. Nauli ya kurudi iweke mfuko wa peke yake, na saa nane mchana muwe stendi, maana basi dogo la upande wa Dowa haliondoki mpaka lijae.