Kuchagua Programu na Sura ya Ubao wa Jumuiya Katika Kompyuta

Mwezi wa Januari 1978 theluji nyingi iliufunika mji wa Chicago, nchini Marekani, na watu wakalazimika kukaa majumbani. Ward Christensen na Randy Suess, wanachama wawili wa klabu ya wapenzi wa kompyuta mjini humo, waliitumia nafasi hiyo kubuni chombo kipya. Walichukua mfano wa ubao wa kawaida wa kubandikia matangazo, wakauhamishia ndani ya kompyuta. Tarehe 16 Februari 1978 ubao huo ulianza kazi. Mwanachama alipiga simu kwa njia ya kompyuta yake, akasoma yaliyoachwa na wenzake, akaacha yake, kisha akakata ili mwingine apate zamu, maana laini ya simu ilikuwa moja tu.

Siku hizi vyama vya walimu, wakulima na mafundi huweza kuwa na ubao wa namna hiyo katika intaneti, ukatumiwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Aghalabu swali la kwanza linaloulizwa na kamati ya chama ni hili: ubao wetu utakuwa na sura gani? Swali hilo lina nafasi yake. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba linapasa kuulizwa mwisho, baada ya maswali mengine mawili yaliyo mazito zaidi.

Tabaka tatu

Ubao wa kompyuta una tabaka tatu, na yafaa zitenganishwe mawazoni tangu mwanzo.

Tabaka la kwanza ni kumbukumbu, yaani maswali, majibu, picha na majina ya wanachama. Hizi huwekwa katika hifadhidata. Tabaka la pili ni programu, ambayo hupokea maandishi, huyapanga, huyatafuta na kuamua nani aruhusiwe kufanya nini. Tabaka la tatu ni sura: rangi, aina ya herufi na mpangilio wa ukurasa.

Utengano huu una historia yake. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya CSS, ambayo huandika maelezo ya sura mbali na maandishi yenyewe, na mwezi wa Desemba 1996 lugha hiyo ilikubaliwa kuwa kanuni ya mtandao. Kutokana na utengano huo, sura ya ubao huweza kubadilishwa kwa muda mfupi bila kugusa hata neno moja la wanachama. Kubadili programu ni kazi ngumu zaidi. Kumbukumbu zilizopotea bila nakala hazirudi tena.

Kumbukumbu ni mali ya nani?

Mathalani, wafugaji wa nyuki wameulizana na kujibiwa kwa miaka kumi: mizinga ipi inafaa nyanda za juu, siafu huzuiwaje, asali huiva lini. Hiyo ni hazina ambayo pengine haimo katika kitabu chochote. Je, chama kinaweza kuichukua na kuondoka nayo?

Yaliyoipata huduma ya Yahoo Groups ni funzo. Huduma hiyo ilianza mwaka 2001, na makundi mengi duniani yaliweka humo mazungumzo, picha na majalada yao. Mwezi wa Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba yote yaliyohifadhiwa humo yangefutwa. Watu walipewa hadi tarehe 31 Januari 2020 kuomba nakala zao, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma ikafungwa kabisa. Wale ambao hawakupata habari kwa wakati walipoteza kumbukumbu zao za miaka mingi, ingawa wao wenyewe hawakuwa wamekosa lolote. Aliyepanga hana budi kuhama mwenye nyumba akitaka nyumba yake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, programu hii inatoa nakala kamili ya kumbukumbu, katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma? Jibu lisitafutwe katika matangazo ya muuzaji. Kamati iombe nakala, iifungue katika kompyuta nyingine, na ihakikishe kwamba maandishi, tarehe na picha vyote vimo.

Leseni na matengenezo

Swali la pili linahusu haki ya kuitengeneza programu. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatolewa leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo humpa mtumiaji ruhusa ya kuitumia programu, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Programu za namna hii huitwa programu huria. Faida yake imeonekana Tanzania: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leseni ya programu ya asili ndiyo iliyowaruhusu kufanya hivyo.

Miongoni mwa programu huria za mbao za jumuiya imo phpBB, iliyoanza mwaka 2000, na Discourse, iliyotangazwa mwaka 2013. Ya kwanza huridhika na kompyuta ndogo ya kukodi. Ya pili ina mambo mengi zaidi, lakini huhitaji kumbukumbu tendaji ya gigabaiti 1 kwa uchache. Chama chenye fedha kidogo hakina budi kulipima jambo hilo.

Lakini uhuria peke yake hautoshi. Mwezi wa Desemba 2004 kirusi kilichoitwa Santy kilishambulia mbao nyingi zilizotumia phpBB na kuyaharibu majalada yake. Kasoro iliyotumiwa na kirusi hicho ilikuwa imekwisha kurekebishwa na watengenezaji mwezi uliotangulia. Walioumia ni wale ambao hawakuweka toleo jipya. Basi kabla ya kuchagua, kamati itazame toleo la mwisho lilitolewa lini, kisha imteue mtu maalumu wa kuweka marekebisho kila yatokapo.

Sura: uzuri unaopimika

Hapo ndipo zamu ya sura inapofika, nayo huweza kupimwa kwa hesabu. Kanuni za mtandao za mwaka 2008 zinataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1. Mwangaza wa rangi nyeupe huhesabiwa kuwa 1, na wa nyeusi kuwa 0. Kila kimoja huongezwa 0.05, kisha kikubwa hugawanywa kwa kidogo. Herufi nyeusi juu ya nyeupe hutoa 1.05 ÷ 0.05 = 21. Herufi za kijivu zenye mwangaza wa 0.32 hutoa 1.05 ÷ 0.37, yaani karibu 2.8. Herufi hizo huenda zikawapendeza vijana ofisini, lakini mzee aliyeshika simu juani hatazisoma.

Rangi peke yake pia isibebeshwe maana. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, mmoja hivi kati ya 12 hupata taabu kupambanua nyekundu na kijani. Katika jamii nyingi za Afrika kiwango ni kidogo zaidi, lakini watu hao wapo. Onyo liandikwe kwa maneno, siyo kwa wekundu tu.

Mwisho ni uzito. Tuseme ukurasa wa sura moja una megabaiti 3, na wa sura nyingine una 0.3. Mwanachama anayefungua kurasa 10 kwa siku, kila moja ikipakuliwa upya, atatumia megabaiti 900 kwa mwezi wa siku 30 katika sura ya kwanza, na 90 tu katika ya pili. Urembo huo hulipiwa na mwanachama kila anunuapo kifurushi.

Kwa muhtasari, kamati ianze na kumbukumbu, ifuate programu, imalizie na sura. Ikikosea sura, itaisahihisha kesho. Ikikosea kumbukumbu, huenda isiwe na cha kusahihisha.

Mazoezi

1. Taja tabaka tatu za ubao wa kompyuta, na ueleze ni lipi lililo gumu zaidi kulirudisha likipotea.
2. Herufi zina mwangaza wa 0.16 juu ya mandhari nyeupe. Tafuta uwiano wake. Je, zinafaa?
3. Chunguza chombo kinachotumiwa na chama chako kwa mazungumzo. Jaribu kutoa nakala ya kumbukumbu zake zote, kisha uandike ni vitu gani vimekosekana.