SOMO LA KAZI: USUKANI WA BOTI UNAPOCHEZA



Wengi wetu katika mashamba na viwanda vya kando ya ziwa au bahari huvushwa kwa boti kwenda kazini na kurudi. Wengine ndio waendeshaji na mafundi wa boti hizo. Somo la safari hii ni la boti ambayo injini yake imefungwa ndani, kwenye tezi, na mguu wenye rafadha umetoka nje kwa nyuma. Mtambo wa aina hii uliletwa sokoni na Volvo Penta ya Sweden mwaka 1959, na MerCruiser ya Marekani ikafuata mwaka 1961.

Boti hii haina ubao wa usukani majini kama jahazi. Ukizungusha gurudumu, mguu mzima hugeuka pamoja na rafadha. Kwa hiyo mguu ukilegea, ni usukani wote umelegea. Asije mtu akasema, "Inacheza kidogo tu."

1. Jinsi nguvu inavyopita

Gurudumu husukuma na kuvuta waya. Waya husogeza mkono wa chuma ulio ndani, nyuma ya injini. Mkono umefungwa juu ya shafti fupi iliyosimama wima. Shafti hiyo hushika pete kubwa ya alumini iliyo nje, na pete ndiyo inayobeba mguu. Katika mitambo mingi ya MerCruiser, sehemu ya shafti inayoingia kwenye pete ina pembe nne, na tundu la pete nalo lina pembe nne. Bolti hubana pete juu ya shafti.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Shafti ni chuma kigumu, pete ni alumini laini. Bolti zikilegea, chuma huitafuna alumini kila boti inapokata kona, mpaka pembe za tundu zinalika. Mlegeo wa milimita 1 tu, sentimita 2 kutoka katikati ya shafti, huwa milimita 25 ukifika sentimita 50 nyuma. Ndiyo sababu kosa dogo juu huonekana kubwa chini kwenye rafadha.

2. Dalili

Gurudumu huzunguka kwanza na mguu hufuata baadaye. Mguu hugonga au kutikisika boti ikienda kasi. Maji hudondoka ndani kutoka juu ya shafti, maana bushi na mpira wa kuzuia maji vimelika. Lakini tujue pia kwamba boti hizi huyumba kidogo zikienda polepole hata zikiwa nzima. Kuyumba peke yake si ushahidi. Lazima kupima.

3. Kupima

Pandisha boti nchi kavu, uiegemeze vizuri. Zima injini, ondoa ufunguo, na ufungue waya wa batri. Mguu uwe chini. Kazi hii inataka watu watatu. Wa kwanza ashike gurudumu lisisogee. Wa pili ashike mguu kwa nyuma, ausukume kushoto na kulia. Wa tatu atazame, kisha aseme anachoona:

(a) Mguu, pete na mkono wa ndani vyote vinasogea: kasoro iko kwenye waya, viungo vyake au gurudumu.

(b) Mguu na pete vinasogea, mkono wa ndani umetulia: kasoro iko kwenye shafti na tundu lake, au pale mkono unapofungwa juu ya shafti.

(c) Mguu unasogea, pete imetulia: kasoro iko kwenye pini na bushi zinazoshikanisha mguu na pete.

Kisha inua pete juu na chini. Ikiruka, bushi za juu au pini ya chini zimechoka. Kanuni ni moja: fuata mwendo mpaka pale unapoishia. Kilicholika kiko hapo.

4. Kutengeneza

Ikiwa bolti zimelegea lakini tundu bado lina pembe zake, kaza kwa spana ya kipimo kama kitabu cha mtambo kinavyosema. Usizidishe, maana alumini hupasuka. Ikiwa pembe zimelika, kukaza hakutasaidia. Pete mpya inahitajika, na mara nyingi shafti, bushi na mpira wa kuzuia maji vibadilishwe papo hapo.

Mguu ni mzito. Ushushwe kwa winchi au kwa watu wa kutosha, kamwe si kwa mtu mmoja. Nati ya juu ya shafti imejificha nyuma ya injini, kwa hiyo mara nyingi injini hutolewa. Wako mafundi wanaotoboa matundu kwenye nyumba ya mtambo kwa nje, kisha wakayaziba kwa vizibo vya nyuzi. Njia hiyo hufaa kwa fundi mwenye vifaa na kipimo sahihi, si kwa kubahatisha.

Unaporudisha, paka grisi isiyoyeyuka majini. Kabla ya kutia grisi kwenye bomba la waya wa usukani, zungusha gurudumu mpaka waya urudi ndani kabisa. Ukitia waya ukiwa nje, grisi hujaa nyuma yake na kuuzuia usirudi, na usukani utakwama.

Mwisho jaribu boti polepole mahali pa wazi, bila abiria, mkiwa mmevaa majaketi ya kuokolea. Baada ya saa chache za kazi, kagua bolti tena.

5. Yasiyofaa

Usijaze tundu kwa vipande vya debe. Hupondeka upesi, na kutu huongezeka. Usichomelee shafti na pete pamoja: chuma na alumini havishikani kwa kuchomelewa, na moto huharibu kilicho kizima. Mwajiri akikuagiza ufanye hivyo ili boti iwahi zamu, mwambie sababu mbele ya mwakilishi wa tawi.

6. Haki yako

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi. Lakini haki hutetewa kwa ushahidi. Andika tarehe, namba ya boti, kipimo kilichofanywa na jina la msimamizi aliyepewa taarifa. Nakala moja ibaki kwako na moja tawini. Usiweke sahihi kwamba boti ni nzima ikiwa hukuipima.

Pete mpya ina bei, na mwajiri atalalamika. Tumjibu kwamba boti moja hubeba zamu nzima ya watu.

Maswali ya kujadili tawini

1. Boti ya kwetu ilipimwa lini, na nani anatunza daftari lake?
2. Fundi akikataa kuitoa boti mbovu, sisi abiria tutasimama upande gani?
3. Je, majaketi yanatosha watu wote wa zamu?