Seva ya Kuigiza: Kujaribu Malipo Bila Kugusa Pesa

Programu ya simu ya kulipia ada utaijaribuje? Kwenye seva halisi ya malipo, kila jaribio laweza kukata pesa; tena huwezi kuiamuru seva ya watu ianguke saa unayotaka wewe. Seva ya kuigiza hukaa ndani ya kompyuta yako, hupokea ombi na kurudisha jibu uliloliandaa.

Mojawapo ni WireMock, ya bure, inayohitaji Java tu. Pakua faili lake la jar, liwashe kwa amri ya java -jar, nayo itasikiliza kwenye poti 8080. Katika folda ya mappings, hapo hapo ulipoiwashia, andika faili la JSON lenye request, yaani ombi linalongojewa, na response, jibu lake. Ukilibadilisha, zima seva uiwashe upya. Kisha elekeza programu yako kwenye localhost:8080. Kwenye emuleta ya Android tumia 10.0.2.2, kwa kuwa huko localhost ni emuleta yenyewe.

Wengi huishia kwenye jibu la 200. Kwangu mimi hapo kazi haijaanza. Weka status 503, uone mtumiaji anaambiwa nini. Weka fixedDelayMilliseconds 10000, jibu lichelewe sekunde 10. Je, programu inachoka na kutuma tena? Fungua /__admin/requests uhesabu maombi. Yakiwa mawili yenye namba tofauti za muamala, mwanafunzi angekatwa ada mara mbili. Rekebisha, ombi linalorudiwa libebe namba ile ile, ujaribu upya.